Bei ya Mtani

Kitaya,
12 Juni 1996

Kwako Felista, mjukuu wa Magwangwara waliokuja kutuchomea vijiji wakaishia kutuomba chumvi,

Nakusalimu, ingawa hustahili. Mimi ni mzima wa mwili. Hali yako siulizi, maana Mngoni haumwi homa, huumwa na kukosa mtu wa kugombana naye, na ugonjwa huo najua ulikupata siku ileile niliyopanda gari. Msalimie shemeji Mikaeli, mwambie avumilie.

Mama nimemkuta hajiwezi. Upande wa kulia wote umelala, mkono na mguu, na mdomo umekwenda kombo. Anataka kusema, maneno yanatoka kama ya mtu mwenye uji kinywani. Siku niliyofika alinishika kwa mkono wa kushoto, hakuniachia mpaka usingizi ulipomchukua. Nilikuambia nakwenda kwa wiki mbili. Hizo sahau. Kaka yangu Salumu yupo, lakini ni mwanamume. Analeta kuni na samaki, kumwogesha mama hawezi, na mkewe ana mtoto mchanga. Binti wa mama ni mimi peke yangu.

Kwa hiyo udobi nakuachia wewe. Mashuka ya gesti yaanze asubuhi mapema, jua likiwa bado lina adabu. Kanzu za watu wa msikitini zisichanganywe na kitu. Wanga wa muhogo uuchuje kwa kitambaa mara mbili, la sivyo kola zitakauka na mabaka. Bluu kidogo tu. Najua mkono wako ni wa pasi, si wa maji, lakini jikaze.

Nitakuambia jambo na usinicheke. Jioni nafua nguo za mama mtoni, na nikishakamua nageuka kukupa wewe. Mkono unabaki hewani. Tangu uliponikuta pale uani Chikongola, mwanamke niliyeachika nafua nguo za watu, ukaja na pasi yako bila kuitwa, sijawahi kufua kitu ambacho hukukinyoosha. Wanawake wa hapa mtoni wameanza kunitazama.

Barua hii anakuletea Americo, yule muuza vitenge ambaye baba yake alitoka Msumbiji. Hupita Mahurunga na kufika Mtwara kila anapokwenda kuchukua mzigo. Mpe jibu, mpe na maji ya kunywa, na usimtukane. Yeye si mtani wako.

Mtani wako,
Rukia


Mtwara,
3 Julai 1996

Kwako Rukia, mjukuu wa bibi aliyetobolewa mdomo akatiwa ndonya,

Barua nimeipata. Nimeisoma mara moja tu, maana mwandiko wako ni wa kuku aliyekanyaga masizi. Sisi tu wazima. Mikaeli anakusalimu, anasema tangu uondoke narudi nyumbani na matusi ambayo hayajatumika, na yote yanamwishia yeye.

Pole sana kwa mama. Hilo nimesema bila utani na sitarudia tena katika barua hii. Mwambie mama kwamba mimi mtani wake namwamuru aamke, kwa sababu Mmakonde aliyelala muda mrefu hana tofauti na gogo la mpingo, na wachongaji wakipita watambeba wakamuuze kwa wazungu. Mwambie hivyohivyo, usipunguze.

Kazi ipo. Mashuka ya gesti ya Bwana Ramadhani yanakuja kama kawaida, na manesi wameleta magauni yao. Tatizo ni kanzu. Mzee mmoja wa msikitini aliigeuzageuza kola ya kanzu yake, akaniuliza, "Mama, Rukia anarudi lini?" Nikamjibu umekwenda kuolewa na kiboko wa Ruvuma. Alicheka, lakini alimaliza kucheka akaitazama tena kola. Wanga wangu una mabaka. Nachuja mara mbili, nachuja mara tatu, mabaka yapo palepale.

Yule mke wa askari aliyehamia mlango wa tatu hapa kota ametoka Bukoba, mambo yetu hayajui. Alinikuta namsomea Mikaeli barua yako kwa sauti, akaniuliza kama tumegombana. Nikamweleza kwamba babu zenu na babu zetu walipigana, wakapatana, wakatuachia ruhusa ya kutukanana mpaka mwisho wa dunia, na kwamba mtu asiyetukanwa na mtani wake hana mtu. Alinionea huruma.

Uani pamekuwa pakubwa mno. Nazijaza kamba zote nguo ili nisiuone ukuta wa pili. Rudi, Mmakonde wewe. Nimechoka kula samaki mzima peke yangu.

Mtani wako,
Felista


Kitaya,
20 Februari 1997

Kwako Felista, mwenye hasira za karibu,

Najua umeshanitukana vya kutosha kwa kukaa kimya, kwa hiyo sina haja ya kuomba radhi. Kilimo kilitubana, na mama ndiye mtoto wangu sasa. Sisi wengine hatujambo. Wewe je, na Mikaeli, na mikono yako?

Ule ujumbe wa gogo la mpingo nilimpa mama kama ulivyouandika. Alicheka. Mdomo ulicheka upande mmoja, machozi yakatoka pande zote mbili. Tangu siku hiyo Americo akitokea tu mama ananikazia macho, anataka kujua kama kuna la Mngoni.

Ila nafuu hapati. Juzi mjomba Mustafa alikuja na Salumu, wakaniketisha. Unajua kwetu neno la mjomba halina rufaa. Akasema mtu hawezi kuweka mguu mmoja Mtwara na mwingine Kitaya, atapasuka msamba. Niuze udobi, mama apate godoro na dawa, nami nitulie. Nikasema nitafikiri. Akasema ameshanifikiria yeye.

Felista, udobi ule ndicho kitu pekee ambacho hakuna mtu aliyenipa. Ndugu walinipa jina, mume akanipa talaka, ule nilijipa mwenyewe. Maadamu upo, naweza kulala nikisema siku moja nitarudi Mtwara. Ukiuzwa nitarudi kufanya nini? Hilo ndilo linaloniuma. Makarai na pasi vinanunuliwa popote.

Lakini mama hawezi kungoja uchungu wangu uishe. Nitafutie mnunuzi. Nataka mtu atakayeendelea kufua palepale uani, mwenye nyumba amekubali, achukue vyombo pamoja na wateja. Nisingependa mtu wa kuzoa vitu na kufunga mlango. Nitafutie mtu wa kweli.

Mtani wako,
Rukia


Mtwara,
9 Machi 1997

Kwako Rukia, mlevi wa uraka, unayelewa kwa harufu ya mabibo tu,

Salamu zako zimefika zimelowa. Sijui ulizilia au Americo alianguka nazo mtoni. Mimi sijambo, vidole tu vimechubuka kwa sabuni. Mikaeli hajambo, ila mwezi wa kumi na mbili anastaafu, na kota tutaitoka. Tangu ajue hilo kutwa ni Songea: baridi ya Songea, magimbi ya Songea, kiwanja cha baba yake Songea. Anasema mtu hustaafia kwao. Mimi kwetu napajua, lakini maisha yangu yako hapa. Nikiwa na shughuli yangu hapa ananisikiliza. Mwanamume hawezi kumng'oa mke mwenye wateja.

Sasa, mnunuzi nimempata. Ni Mngoni mmoja hivi, mzuri wa sura, shingo ndefu, kazi anaijua. Anatoa jogoo mmoja chongo na mtungi wa pombe ya ulanzi. Ukikataa anaongeza mume wake. Anasema atafua palepale uani, hatahamisha hata msumari, na siku mwenye udobi akichoka na viboko wake atakuta mlango uko wazi na karai lake liko mahali pake.

Jibu upesi. Wangoni hatukai na neno moyoni muda mrefu, linaoza.

Msalimie mama. Mwambie nimesikia anacheka upande mmoja. Ule mwingine ananiwekea nini?

Mtani wako,
Felista


Kitaya,
17 Mei 1997

Kwako Felista, Mngoni wa shingo ndefu,

Hatujambo. Jogoo wako chongo ametuchekesha mpaka mama akapaliwa, ikabidi nimwinue nimpige mgongo. Alipopata pumzi alisema kitu, nikakisikia vizuri kabisa: mwambie amle mwenyewe. Ni maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. Mungu akulipe.

Sasa la kweli. Nimeuza. Bwana Ramadhani wa gesti alifika huku kununua mpunga, akasikia habari, akaja mpaka nyumbani. Alilipa palepale mbele ya mjomba na Salumu. Mama ameshalalia godoro jipya. Kwa bahati mbaya hatakaa pale uani kwetu, vyombo anavihamishia nyuma ya gesti yake. Hapo nilitaka kukataa. Mjomba akanitazama, nikazipokea fedha.

Lakini wewe sikukusahau. Nilimwekea Bwana Ramadhani sharti moja, kwamba kazi ya pasi iwe yako, kwa mshahara wa kila mwezi. Amekubali. Nilijua utafurahi. Maskini, mnunuzi hukumpata, na sikutaka nikuache mikono mitupu.

Alipoondoka nilikwenda mtoni bila nguo za kufua. Nilikaa tu. Nilijiona kama mtu aliyefunga mlango akiwa nje, na ufunguo umebaki ndani.

Niandikie unitukane. Sijawahi kuyatamani matusi yako kama leo.

Mtani wako,
Rukia


Kitaya,
2 Septemba 1997

Felista,

U mzima? Mikaeli mzima? Americo anaapa kwamba barua alikupa mkononi. Anasema uliisoma umesimama, ukapokea kikombe alichonywea maji, ukaingia ndani bila kumuaga. Nimemwambia alikosea nyumba.

Mama anauliza la Mngoni. Nimeanza kumtungia. Jana nilimwambia umeandika kwamba wanawake wa Kitaya wana visigino vigumu mpaka mamba wanawakwepa. Alitikisa kichwa. Alijua si lako.

Mtani wako,
Rukia


Kitaya,
11 Januari 1998

Felista,

Salamu. Mvua hii wanayoiita El Nino imezamisha mpaka majaruba ya mpunga, na gari haliji. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba barua yako imekwama Mahurunga kwenye tope. Kisha leo Americo ametokea kwa miguu, viatu ameving'iniza shingoni, mkononi hana kitu.

Kama umenichukia, andika kwamba umenichukia. Nitaisoma kwa furaha, maana itakuwa na mwandiko wako.

Rukia


Mtwara,
15 Februari 1998

Bi Rukia,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima pamoja na mama yako na ndugu zako wote. Sisi ni wazima.

Nasikitika kuchelewa kukujibu. Barua zako zote nilizipata.

Yule mnunuzi alikuwa mimi. Nilidhani umejua. Nilikuwa nimeshazungumza na Mikaeli. Alikubali sehemu ya kiinua mgongo chake iende kwenye udobi, tupange vyumba pale uani, tusirudi Songea. Nilimbembeleza usiku na mchana tangu barua yako ilipofika. Siku aliyokubali ndiyo siku niliyokuandikia. Nilikuwa na furaha, na mimi nikiwa na furaha sijui kuandika vinginevyo, na kwako wewe ndiyo kabisa. Lini wewe na mimi tuliwahi kuambiana neno lililonyooka? Ningekuandikia "Bi Rukia, naomba kununua udobi wako," ungedhani nimekufa na barua anaandika mtu mwingine.

Nilitaka niwe pale utakaporudi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo yangu yote.

Wewe ukaona kwamba Felista anafaa kuchekesha mgonjwa na kuombewa mshahara. Bwana Ramadhani aliniita nianze kazi, nikaenda. Niliyakuta makarai yetu yamepangwa kando ya choo cha wageni. Sikwenda tena.

Tunahama baada ya Pasaka. Mikaeli anafurahi, na simlaumu. Nisalimie mama. Usimpe utani wowote kutoka kwangu. Kwa sasa sina.

Wako,
Felista Mbano


Mtwara,
2 Mei 1998

Felista,

Nakuandikia nikiwa Mtwara, nimekaa kwenye ngazi ya kota yenu. Barua yako ilinifikia baada ya Pasaka. Americo alishikwa na malaria Mahurunga, akalala nayo mfukoni. Nilipoisoma nilimwachia mke wa Salumu mama, nikapanda gari la kwanza lililopita kwenye tope. Mlango wako amefungua mwanamke nisiyemjua. Yule jirani yako wa Bukoba ndiye aliyenipa anwani ya Songea, akanipa na pole, kana kwamba nimefiwa.

Nilikwenda kwa Bwana Ramadhani kumwomba anirudishie udobi, nimlipe polepole. Hakuwa mkali. Amenunua mashine ya umeme, na vyombo vyetu ameshavigawa. Pale uani mwenye nyumba amempangisha muuza mkaa. Kamba hazipo, na ukuta wa pili umekuwa mweusi.

Sasa na mimi nikuambie lililonyooka. Nimekukosea, lakini sikukosa peke yangu. Nilikuwa nimekaa mkekani, mama amenilalia kifuani, mjomba ananihimiza, na wewe unaniletea jogoo chongo. Ningejuaje? Barua nzima hukuweka hata mstari mmoja uliosimama sawasawa. Na mimi nakufahamu kuliko mtu yeyote, ndiyo maana nilicheka. Angeiandika mtu mwingine ningeuliza.

Ningejua ni wewe ningekupa bure, na mimi mwenyewe ningekuja juu yake kama nyongeza. Nakukumbuka, Felista. Nakukumbuka nikifua, nikila, na nikipita penye mtu anayepuliza mkaa wa pasi nasimama kama mwehu. Kule Kitaya wote wananiita Bi Rukia, kwa heshima, kutwa nzima. Hakuna hata mmoja anayenitukana. Sikujua kwamba heshima tupu inaweza kumkausha mtu hivi.

Hutaki kuniandikia, basi. Mimi nitakuandikia.

Mtani wako, upende usipende,
Rukia


Songea,
10 Agosti 1998

Bi Rukia,

Salamu. Barua zako mbili nimezipata, hii ya ngazi na ya Juni. Mikaeli anasumbuliwa na magoti, mimi nipo.

Huku ni baridi. Nafua nguo za masista wa misheni. Maji ya asubuhi yanaingia mpaka kwenye mfupa. Vilemba vyao vinataka wanga mwingi, na vyangu vinatoka na mabaka. Sista mkubwa ni mpole, havirudishi. Anavivaa hivyohivyo, na mimi nageuza uso akipita.

Mama anaendeleaje?

Felista


Kitaya,
8 Juni 1999

Felista,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama ametutoka Ijumaa alfajiri, tukamzika siku hiyohiyo. Hakuhangaika. Nilikuwa namgeuza, nikahisi amekuwa mzito.

Mtani aliyekuwepo ni mwalimu mmoja wa shule ya hapa, Mngoni, kijana, ana haya. Alilala njiani mbele ya jeneza kama inavyotakiwa, akadai hapiti mtu mpaka apewe chake, na watu wakacheka kidogo ili kumsaidia. Mwishowe akashika jembe la mama, akaenda nalo. Hakuna aliyemzuia, maana kitu akishikacho mtani msibani ni chake, hata wenye msiba wakilia damu. Mimi sikucheka. Masikio yangu yalikuwa yanamtafuta mtu mwingine.

Sasa nisikilize. Kwetu nyumba ya mama hukaliwa na binti. Mjomba Mustafa na Salumu wameshapanga, arobaini ikipita nikabidhiwe nyumba na mikorosho mbele ya wazee, nikae. Wanasema ni heshima, na kweli ni heshima, wala si watu wabaya. Lakini hakuna aliyeniuliza. Na nikifungua mdomo niseme sitaki, nataka kuondoka, mjomba ataniuliza kitu kimoja tu: unakwenda wapi? Mwanamke aliyeachika, hana mtoto, udobi ameuza, anakwenda wapi? Nimelitafuta jibu tangu siku ya mazishi, sijalipata. Basi nitakabidhiwa, nitashukuru, na nitazeeka hapa nikifua nguo zangu mwenyewe.

Arobaini itakuwa katikati ya Julai. Sikuombi uje. Barabara ya Tunduru naijua kwa sifa zake. Nilitaka ujue tu kwamba tulikuwa wawili tukiyangoja maneno yako, na sasa nimebaki mmoja.

Rukia


Songea,
27 Juni 1999

Kwako Rukia, Mmakonde uliyekosa jibu kwa swali jepesi kama hilo,

Nakusalimu, na safari hii unastahili. Mungu amrehemu mama yetu. Nimelia, Mikaeli shahidi. Nilipomaliza kulia nikamkasirikia, kwa kuondoka kabla sijamaliza kumtukana. Nilimnyima maneno yangu miaka miwili mizima kwa sababu ya hasira zangu na wewe, na yeye hakuwa na kosa. Hilo litaniuma mpaka nimfuate.

Yule mwalimu mwambie amelitia kabila aibu. Mngoni hasafiri mpaka Ruvuma ya pwani, akalala mbele ya jeneza la Mmakonde, akaridhika na jembe.

Nakuja arobaini. Mikaeli alikuta barua yako mezani, akaisoma, akatoka nje kwa magoti yake yaleyale, akarudi na nauli. Nitapanda lori la mahindi mpaka Tunduru, kutoka hapo nitajua mbele ya safari. Sitakosa.

Hapa soma taratibu. Masista wametupa banda la kufulia lenye paa na bomba, na kando yake kuna chumba cha kulala, kikavu, dirisha linatazama jua la asubuhi. Kazi imekuwa kubwa, mtu wa pasi yupo, anayekosekana ni mtu wa kufua. Nimekuwa nikijiambia nitakuandikia, na kila nikikaa kuandika nakumbuka jogoo, nakunja karatasi. Sasa naandika. Nataka uje tuishi na kufanya kazi pamoja. Nimekukosa kiasi kwamba sina tusi linalotosha kusema hivyo.

Kukuomba peke yake hakutoshi, maana hata ukikubali, mjomba wako atakataa. Kwa hiyo nakuja kama mtani. Nitakula ubwabwa wenu. Nitamwiga mjomba Mustafa anavyotembea, na Salumu anavyokohoa kabla ya kusema, kama ulivyokuwa ukiniigizia pale uani. Nitatukana kila mtu kwa zamu yake mpaka wazee washike mbavu. Kisha nitasema mimi ndiye mtani halisi wa marehemu na sijachukua changu, na nitakushika mkono mbele yao wote niseme hiki ndicho ninachokwenda nacho. Mjomba wako ni mtu wa mila. Kwa mila alikuuzisha udobi, na kwa mila hatanyanyua mdomo. Nyumba mke wa Salumu atakufagilia. Mikorosho haina miguu, ukitaka kuirudia utaikuta.

Usipotaka, vuta mkono wako tu. Nitashika sufuria, nitaondoka nalo, na tutabaki watani kama zamani. Sitakasirika tena, hasira ile imenila mimi kuliko wewe.

Lakini kama unataka, nina ombi. Nikikushika mkono watu watacheka. Watacheka sana, wanawake watapiga vigelegele, na kila mmoja pale atadhani ni mchezo wa arobaini. Wewe usicheke, Rukia. Wewe simama.

Mtani wako,
Felista